Mashine Iliyokuwa Inatekenya

Nyumbani kwa Mama Pacha, siku ilianza kwa nguo chafu.

Mume wake alikuwa mwokaji wa mikate. Kila siku alirudi kutoka kazini akiwa mweupe wa unga, kuanzia kope hadi kamba za viatu. Mapacha wao, wasichana wawili wa miaka minne, waliweza kuchafuka hata wakiwa wamekaa tu. Na Bibi, mama yake Baba Pacha, hakuvumilia shuka yenye doa. Kwa hiyo kapu la nguo chafu lilijaa, likapunguzwa, likajaa tena.

Kwa miaka mingi Mama Pacha alifua kwa mikono. Mapacha walipozaliwa, ndugu wa mume wake walichanga wakamletea mashine ya kufulia. Siku ya kwanza, Bibi alivuta kiti akakaa mbele yake. Aliitazama ikizungusha nguo mwanzo hadi mwisho. Ilipomaliza kukamua, akasema kwamba sasa amepata mkwe wa pili, na huyu hanung'uniki. Mama Pacha alicheka hadi akashika ukuta. Yeye na mama mkwe wake walikuwa kama mtu na shoga yake.

Mashine iliwekwa bafuni, kwa sababu bomba la maji lilikuwa huko. Bafuni hakukuwa na soketi. Baba Pacha alinunua ekstensheni, akapitisha waya chini ya mlango hadi kwenye soketi ya koridoni. Waya ule ulilala sakafuni. Watu wakazoea kuuruka.

Ilifanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Kisha ikaanza vituko.

Ikifua kwa maji ya moto, ilisimama katikati. Taa zake zilipepesa zote kwa pamoja. Kwenye kioo chake kidogo zilitokea herufi na namba. Mlango ulikataa kufunguka, nguo zikabaki zimelowa ndani. Baba Pacha aliizima kwa kitufe, akangoja kidogo, akaiwasha. Ikaendelea kama vile hakuna lililotokea. Mteja mmoja wa mikate alimwambia kwamba mashine hizi zina ubongo ndani, na ubongo huo hupata joto ukachanganyikiwa. Dawa yake ni kuipumzisha. Basi wakawa wanaipumzisha. Hakuna aliyejiuliza ile herufi na ile namba zilikuwa zinasema nini.

Baadaye likaja jambo jingine. Mama Pacha aligusa ubavu wa mashine kwa mkono uliolowa, akahisi vidole vinatekenywa. Ilikuwa kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Alimwita mume wake. Baba Pacha akaigusa, lakini alikuwa amevaa viatu vya kazini vyenye soli nene, hakuhisi kitu. Akamwambia mke wake ajaribu kuvaa kandambili. Mama Pacha akavaa. Kutekenywa kukapungua.

Basi wakaona wamepata dawa. Jozi moja ya kandambili ikawekwa mlangoni pa bafu. Anayetaka kufua avae kwanza. Mambo yakaendelea hivyo.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa jikoni anamenya viazi. Mapacha walikuwa uani. Baba Pacha alikuwa bado kwenye tanuri la mikate. Bibi aliingia bafuni kutazama shuka zake.

Alikuta mashine imesimama tena, taa zinapepesa. Aliizima kwa kitufe, kama alivyoona wengine wakifanya. Taa zikazimika. Kwa Bibi, kitu kilichozimwa taa kimelala. Sakafuni kulikuwa na maji kidogo. Kandambili zilikuwa zinateleza, na Bibi aliogopa kuanguka kuliko kitu kingine chochote. Akazivua. Akashika bomba la chuma kwa mkono mmoja ili asiteleze. Akainama, akaweka mkono wa pili kwenye ubavu wa mashine.

Mama Pacha alisikia ndoo ikianguka. Aliita, "Mama?" Hakujibiwa. Akaita tena. Halafu akaenda, kisu cha viazi kikiwa bado mkononi.

Bibi alikuwa amesimama, ameinama nusu. Meno yalikuwa yameumana. Macho yalikuwa yamemtoka, yanamtazama Mama Pacha lakini hayamwoni. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka mtetemeko mdogo, wa haraka haraka. Mkono wake ulikuwa umelishika bomba kama umegandishwa hapo. Na hakutoa sauti. Hilo ndilo lililomtisha Mama Pacha. Mtu alikuwa anakufa mbele yake, na nyumba ilikuwa kimya.

Alitupa kisu. Akaruka, akamshika Bibi bega ili amvute.

Kitu kikampiga. Hakuwahi kupigwa vile maishani mwake. Alijikuta amekaa koridoni, mgongo ukutani, mkono umekufa ganzi hadi shingoni. Kwa muda hakujua yuko wapi. Kisha akauona waya wa ekstensheni karibu na mguu wake. Akaufuata kwa macho hadi kwenye soketi. Akatambaa kwa magoti, akaishika plagi, akaing'oa.

Nyuma yake Bibi akaanguka kwa kishindo.

Jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani, ndiye aliyewakuta. Mama Pacha alikuwa ameketi katika maji. Kichwa cha Bibi kilikuwa mapajani mwake. Alikuwa anasema "mama, mama, mama" kwa sauti ndogo, hakujua hata kama anasema. Bibi alikuwa anapumua. Fundi cherehani alikimbia barabarani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini walimlaza Bibi, wakambandika nyaya kifuani kupima mapigo ya moyo. Alikuwa amefumbua macho. Alisema kwamba hajambo, kwamba anataka kurudi nyumbani, na kwamba mtu aende akatoe shuka zake ndani ya mashine. Daktari alimsikiliza kwa adabu, akakataa. Alieleza kwamba umeme unaweza kuvuruga moyo hata baada ya mtu kuinuka na kusema ni mzima. Kila aliyepigwa namna ile lazima apimwe na achunguzwe. Kwenye kiganja cha Bibi kulikuwa na alama nyeupe ya kuungua. Ilikuwa ndogo, mtu angeweza kuifunika kwa kidole. Ungeiona ungesema si kitu.

Kisha daktari akauliza nani aliyemtoa. Mama Pacha akaeleza. Alipofika mahali pa kumshika bega, daktari aliacha kuandika, akainua macho.

"Mama," akasema, "katika ajali za namna hii mara nyingi naletewa watu wawili. Aliyeshikwa na umeme, na aliyekwenda kumvuta."

Mama Pacha alitazama mikono yake.

Daktari akaendelea polepole. Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kimbilia swichi kuu, uzime nyumba nzima. Kama plagi iko mbali na mtu, na mahali ulipo ni pakavu, ing'oe. Kama huwezi kuzima, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa ubao mkavu au mpini wa ufagio wa mti. Usitumie chuma wala kitu chenye maji. Umeme ukishakatika ndipo umguse. Kama hapumui, paza sauti upate msaada, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, bila kuacha hadi msaada ufike.

Baba Pacha alifika na unga wake mwilini. Mtu alikuwa amempigia simu akamwambia mama yake amekufa. Wengine huwahi kutoa habari kabla hawajaijua. Alipomwona mama yake amekaa kitandani anabishana na muuguzi, alikaa sakafuni pale pale mlangoni. Muuguzi alimletea maji. Akayashika bila kuyanywa.

Baba Pacha alikuwa na dada mkubwa, fundi wa mashine za kufulia katika hoteli kubwa. Watu wote walimwita Bisibisi, kwa sababu hakukosa bisibisi mkobani, hata akienda harusini. Alipopigiwa simu na kusikia habari, hakulia. Aliuliza swali moja tu: plagi iko wapi? Alijibiwa kwamba imeng'olewa, iko sakafuni.

"Iache hapo hapo," akasema. "Mtu asiifungue mashine, asiirudishe, asiipige teke. Nakuja."

Alasiri alikuwa amekaa kwenye kochi la mdogo wake. Kwanza hakwenda bafuni. Aliwakalisha wote, akataka ahadithiwe tangu mwanzo. Waliposema habari ya kutekenywa na kandambili, uso ulimbadilika. Aliuliza kwa nini hawakumwambia. Mama Pacha akasema waliona ni jambo dogo, hawakutaka kumsumbua wifi yake kwa sisimizi wa vidoleni.

"Hakuna umeme mdogo kwenye ubavu wa mashine, wifi," akasema Bisibisi. "Chuma kikikutekenya, umeme umeshatoka mahali pake. Unangoja tu njia ya kupita. Mguu mkavu, unakutekenya. Mguu kwenye maji na mkono kwenye bomba, unakuua. Na umeme ni ule ule."

Halafu akauliza ni nani mwingine aliyekuwa akiigusa.

Watu wazima walitazamana. Pacha mmoja akainua mkono, kama alivyofundishwa chekechea.

"Sisi," akasema. "Tunaigusa kila siku."

Mwenzake akaeleza mchezo wenyewe, kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Unalamba kidole. Unagusa mashine. Atakayetoa kidole wa kwanza ameshindwa.

Mama Pacha alitaka kulia, machozi yakakataa. Alimvuta mtoto mmoja, akamvuta wa pili, akawashika kwa nguvu hadi wakalalamika. Baba Pacha aliinuka, akatoka hadi uani, akarudi. Bisibisi mwenyewe alikuwa ametazama chini. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka mingi, lakini wale walikuwa watoto wa mdogo wake.

Mwishowe akasimama, akaomba taa ya mkononi.

Kwanza alihakikisha plagi ya ekstensheni haimo kwenye soketi. Aliishika akaiweka juu ya stuli, mahali ambapo angeiona muda wote. Alisema kuzima kwa kitufe si kukata umeme. Kitufe kinailaza mashine tu. Mama yao alidhani imelala, kumbe umeme ulikuwa umefika hadi ndani. Kinachokata ni kung'oa plagi.

Alifunga bomba la maji. Alifungua kifuniko kidogo cha chini, akakinga beseni, akatoa maji yaliyobaki, na uchafu wa chujio, na vifungo viwili vya shati. Akasema hapo ndipo mwisho wa kazi ya mtu asiye fundi. Mashine ikisimama na kupepesa taa, mwenye mashine ang'oe plagi, atazame kama bomba limefunguliwa, kama chujio limeziba, kama nguo imebanwa mlangoni. Aandike herufi na namba iliyoonekana. Arudishe umeme mara moja tu. Ikitokea tena, aite fundi. Na kama mashine imewahi kumtekenya hata mara moja, asiiwashe tena kabisa.

Akauliza ilikuwa inaonyesha nini. Mama Pacha aliikumbuka vizuri, herufi na namba yake. Bisibisi alitikisa kichwa. Alieleza kwamba kila kampuni ina alama zake, maana yake huandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Kwa mashine hii, alama ile ilimaanisha maji hayapati moto inavyotakiwa.

"Huo ubongo mliousema umechanganyikiwa," akasema, "ni bodi ya umeme. Haikuchanganyikiwa. Ilikuwa inawaambia kwamba hita, kile chuma cha kupashia maji, ina hitilafu. Ninyi mkawa mnaifunga mdomo."

Alifungua kifuniko cha nyuma. Aliwaambia wasimame mbali, maana ndani ya mashine mna vifaa vinavyoweza kubakiza umeme hata plagi ikiwa imeng'olewa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwachia fundi. Alitazama bodi. Ilikuwa kavu, haina alama ya kuungua. Alitazama nyaya za mlango. Zilikuwa nzima. Kisha akatoa mita yake ya kupimia, akachomoa nyaya za hita. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hita, ncha ya pili kwenye chuma cha ubavu.

"Kati ya hapa na hapa hapatakiwi kuwa na njia yoyote," akasema.

Mita ikaonyesha njia.

Alifungua nati, akaivuta hita nje. Baba Pacha akasogea, akasahau kwamba aliambiwa asimame mbali. Ilikuwa bomba jembamba la chuma lililopindwa, limefunikwa ukoko mweupe wa chumvi za maji. Bisibisi aliupangusa ukoko kwa kidole gumba. Chini yake chuma kilikuwa kimepasuka kama kisigino kikavu. Maji yalikuwa yakiingia katika ufa ule hadi kwenye waya wa ndani. Umeme ukatoka kwenye waya, ukaingia kwenye maji, ukaenea kwenye mwili wote wa mashine.

"Ufa huu tu?" akauliza Baba Pacha.

"Huu tu."

Lakini Bisibisi hakuonekana mtu aliyemaliza kazi. Aliichomoa plagi ya mashine kwenye ekstensheni, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa na meno matatu. Akaeleza kwamba jino moja ni la waya wa ethi, ule wenye rangi ya kijani na njano. Kazi yake ni moja tu. Umeme ukitoroka ukaingia kwenye chuma cha mashine, waya huo unaubeba na kuupeleka ardhini, usipite kwenye mwili wa mtu. Waya huo ukiwa mzima, umeme hukatika wenyewe nyumba nzima, watu wakagombana na giza. Sasa kwa nini haukukatika?

Aliifungua ekstensheni. Matundu yalikuwa matatu, lakini ndani mlikuwa na nyaya mbili tu. Tundu la ethi lilikuwa pambo. Baba Pacha alikumbuka jinsi alivyoichagua kwa sababu rangi yake ilifanana na ukuta.

Akapima soketi ya koridoni. Haina ethi. Akapima ya jikoni. Haina. Ya chumba cha mapacha, pale ilipochomekwa taa ya kitandani. Haina. Kila alipopima, Mama Pacha alihisi kama mlango mwingine unafunguliwa nyuma yake gizani. Walikuwa wamelala humu, wamepika humu, wameogesha watoto humu.

Walitoka nje, wakazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya ukuta waya wa kijani na njano ulichungulia. Ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilikuwa imelala juu ya saruji, haijashika kitu. Bisibisi akasema hapo panatakiwa kuwa na fimbo ndefu ya chuma, iliyozamishwa ardhini, na waya umefungwa kwenye kichwa chake. Fimbo haikuwepo.

Siku iliyofuata Bibi aliruhusiwa kurudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji. Walimkalisha uani kwenye kivuli cha ukuta. Bisibisi akamweleza mama yake kila kitu, hadi kwenye ile fimbo iliyopotea. Akasema labda wezi wa vyuma waliichukua.

Bibi alikuwa amekazia macho mahali fulani ng'ambo ya uwanja.

"Ina kichwa cha shaba?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kibanio juu, cha kubana waya?"

Bisibisi aligeuka polepole, akatazama anakotazama mama yake. Wote wakatazama. Katikati ya uwanja kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Katikati ya kamba kulikuwa na chuma kirefu, kimesimamishwa kuiinua ili shuka zisiguse chini. Kamba ilipita kwenye kibanio chake, sawasawa kabisa, kama vile kilitengenezwa kwa kazi hiyo.

"Mafundi waliomwaga saruji nyuma ya nyumba walisema inawasumbua," akasema Bibi. "Watoto nao walikuwa wanajikwaa. Nikawaambia waing'oe wanipe. Nikaona Mungu kanipa mti wa kuanikia."

Nguo za mapacha zilikuwa zinapepea pale juu. Kitu kilichowekwa kuwalinda wote kilikuwa kimesimama mbele ya macho yao, kimebeba soksi. Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkono. Alihesabu kwa kumbukumbu ni mara ngapi amekishika chuma kile ili kusogeza kamba. Baba Pacha angemwambia mama yake nini? Mama yake alikuwa amelipia kwa mwili wake.

Bibi alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba katika maisha yake alishagombana na watu wengi wenye roho mbaya, lakini hajawahi kuona aliyekaribia kumuua kama yeye mwenyewe. Kisha akaanza kucheka. Akacheka, katikati ya kicheko akaanza kulia, na binti yake akamkumbatia.

Kulikuwa na jambo jingine, na Bisibisi alilisema baada ya wote kutulia. Nyumba zile zilikuwa sita, zimeunganishwa ukuta kwa ukuta, za mwenye nyumba mmoja. Waya ule ulikuwa wa nyumba zote. Tangu fimbo ing'olewe, hakuna hata mlango mmoja uliokuwa na ethi.

Jioni ile Mama Pacha alipita kila mlango. Aliogopa kwamba wangemlaumu mama mkwe wake. Fundi cherehani alimsikiliza, akarudi ndani. Akatoka tena, akasema anaona aibu, maana pasi yake ilishawahi kumtekenya mke wake, naye akamwambia avae kandambili. Mama Pacha alishtuka. Alidhani kandambili ni ujinga wa nyumbani kwao peke yao.

Walimwita mwenye nyumba. Alipoona alama kwenye kiganja cha Bibi hakubishana. Bisibisi alikataa kuugusa umeme wa nyumba. Alisema yeye ni fundi wa mashine, na nyaya za nyumba zinataka fundi mwenye leseni yake. Basi akaletwa fundi wa namna hiyo. Alizamisha fimbo mpya mahali penye udongo wenye unyevu, akafunga waya, akaujengea kisanduku ili mtu asiung'oe tena. Akapima kila soketi. Kisha katika kila nyumba, karibu na swichi kuu, akafunga breka ya kuzuia umeme unaovuja. Aliwaonyesha kitufe kidogo cha kujaribia. Kila mwezi kibonyezwe. Umeme ukikatika, breka ni nzima. Usipokatika, aitwe fundi.

Kisha akawaambia neno ambalo Mama Pacha alilirudia kwa kila jirani: breka ikijikata, usiirudishe kwa hasira. Imeiona hatari kabla wewe hujaiona. Ng'oa kila kitu kwenye soketi, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile kinachoikata ndicho kibovu.

Bisibisi alifunga hita mpya. Alipima tena kati ya hita na chuma, mara hii mita haikuona njia. Mashine ilitolewa bafuni, ikawekwa jikoni karibu na soketi ya ukutani, na bomba likarefushwa hadi huko. Ekstensheni ilikatwa vipande ili mtu mwingine asiiokote. Mapacha walichorewa mstari wa chaki sakafuni wasiuvuke. Shangazi yao aliwaambia kwa nini, kwa maneno ya wazi, bila kuwatisha kwa majini. Waliposikia kwamba mchezo wao ungeweza kufanya wasiamke tena, walirudi hatua moja nyuma ya mstari.

Bibi hakuigusa mashine. Mama Pacha alipofua, Bibi alikaa mlangoni na kumkumbusha akaushe mikono. Mama Pacha hakuudhika. Kila mara alikausha.

Wiki kadhaa baadaye, mchana wa jua kali, Mama Pacha na Bibi walikuwa uani wanakunja nguo. Fundi cherehani alitoka mlangoni kwake. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeamshwa ghafla. Mkononi alikuwa na pasi, waya wake unaburuta chini.

Alisema alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Umeme ukakatika. Alidhani ni mtaa mzima, akachungulia dirishani, akaona taa ya duka la mbele inawaka. Akataka kuirudisha breka kwa hasira, maana mteja alikuwa anangoja. Akakumbuka alichoambiwa. Akang'oa kila kitu, akarudisha kimoja kimoja. Redio ikapita. Taa ikapita. Alipochomeka pasi, breka ikajikata.

Aligeuza pasi, akawaonyesha. Pale waya unapoingia kwenye pasi, ganda la plastiki lilikuwa limekatika. Waya mwekundu, ule unaobeba umeme, ulikuwa umelala juu ya chuma.

"Nilikuwa nimeishika," akasema. "Kwa mkono huu. Sikuhisi chochote."

Mama Pacha akaichukua pasi mkononi mwake, taratibu, na Bibi akamsogezea kiti.